Mzazi husema "sijambo" na huku damu inakwisha: dhana potofu za ujauzito na arobaini

Mwili wa mja mzito ni hodari wa kuficha maradhi. Mimba inapokaribia kutimia, damu yake huwa imeongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na moyo unapiga haraka kuliko zamani. Akiba hiyo humwezesha kupoteza damu nyingi akiwa bado anaitikia salamu za wageni, na ndiyo inayowahadaa jamaa nyumbani na hata wauguzi wodini. Akiba ikikwisha, huanguka ghafla. Karibu kila dhana iliyo hapa chini ina kosa hilo hilo: mzazi hutazamwa uso, pumzi hazihesabiwi na presha haipimwi.

"Damu ya uzazi ni chafu, iache itoke"

Damu ya nifasi, ile ya siku za baada ya kujifungua, ipo, na haitishi: huanza nyekundu, hupungua siku hadi siku, kisha hufifia. Inayoua ni ile ya saa za mwanzo, mfuko wa uzazi unapokataa kukaza. Mimba ikitimia, mfuko huo hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, kinachoziba mishipa iliyobaki wazi ni misuli ya mfuko wenyewe kujibana. Ukibaki mlegevu kama mkate wa maji, damu haina wa kuizuia.

Nusu lita, yaani mililita 500, ndicho kipimo kilichozoeleka cha kusema mzazi anatoka damu kupita kiasi. Tatizo ni kwamba kwa macho tu karibu kila mtu hukadiria pungufu, kwa kuwa damu hunywewa na kanga, godoro na mchanga. Kwa aliye nyumbani, kipimo rahisi ni hiki: pedi au vitambaa viwili vitatu kulowa chapachapa ndani ya dakika 20 hadi 30 ni dharura. Usikisokote kitambaa na kukisukuma ndani ili "kuzuia". Damu itajaa nyuma yake nanyi mtadhani imekata.

Kituoni, mtoto akishatoka na ikathibitika kuwa hakuna pacha, mama hupigwa sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 ndani ya dakika moja. Dawa hii hutaka jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa juani au kwenye droo huku umeme umekatika wiki nzima inaweza isifanye kazi, na muuguzi akashangaa kwa nini mfuko haukazi. Angalia pia uwiano wa mapigo na presha. Gawa mapigo ya moyo kwa namba ya juu ya presha. Jawabu likifika 0.9 au zaidi, yupo hatarini hata kama presha peke yake inapendeza. Mapigo 110 na presha 110 kwa 70 si mzazi wa kuachwa alale.

Damu ikizidi, mambo hufanywa kwa pamoja na haraka: kusugua tumbo chini ya kitovu mpaka mfuko uwe mgumu kama mpira, oksitosini ya kutibu, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda) gramu 1 kwenye mshipa taratibu kwa dakika 10, dripu, kibofu kumwagwa, kisha kuchunguza kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki. Zamani tulifundishwa kujaribu moja, kungoja, halafu jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kuwa kuipima damu kwa mfuko wa kuikingia wenye alama za vipimo na kutoa matibabu yote kwa mkupuo hupunguza kwa asilimia 60 madhara makubwa ya kutoka damu. Traneksamiki ina muda wake: hutolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua.

Na kukandwa? Maji ya uvuguvugu yanaburudisha, na uji wa pilipili manga hauna kosa. Lakini tumbo linalouma au damu isiyopungua si mambo ya kukandwa kwa maji ya moto wala kubanwa kwa mkaja. Ni ya kuchunguzwa kwanza.

"Ameingiwa na pepo"

Mja mzito aliyevuka wiki 20 akianguka, akakakamaa na kutetemeka, mhesabu ana kifafa cha mimba mpaka hospitali iseme vingine. Chanzo chake kipo kwenye kondo la nyuma. Mishipa iliyotakiwa kutanuka mapema haikutanuka sawasawa, kondo likakosa damu ya kutosha, likaanza kumwaga katika damu ya mama vitu vinavyojeruhi kuta za mishipa mwili mzima. Presha hupanda, figo huvujisha protini, ini na ubongo huvimba. Ndiyo sababu dalili zake huonekana kama hazina ujamaa: kichwa kikali kisichotulia kwa parasetamoli, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu ambayo wengi huyaita chango.

Akiwa anatetemeka, mlaze ubavu wa kushoto, ondoa vitu vigumu pembeni, wala usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko mdomoni. Usimnyweshe kitu, hata kombe, yaani maji ya aya zilizoandikwa na kuoshwa, kwa sababu aliyepoteza fahamu hamezi, na kinywaji huishia mapafuni. Kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali. Aya husomeka ndani ya gari kama zinavyosomeka chumbani.

Hospitali humpa magnesiamu salfeti: gramu 4 kwenye mshipa polepole, na gramu 5 kwenye kila tako, jumla 14. Kisha gramu 5 kila saa nne kwa kubadilisha tako, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu mtetemeko wa mwisho, lolote lililokuja nyuma. Kabla ya kila dozi mambo matatu huangaliwa: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Dawa hii hutoka kwa njia ya figo, kwa hiyo figo zikisusa hujikusanya na kusimamisha pumzi. Kiuasumu chake, kalsiamu glukoneti gramu 1, kiwe karibu na kitanda, kisifungiwe kabatini na ufunguo ukaondoka na mtu. Magnesiamu huzuia mtetemeko lakini haiwi dawa ya presha. Presha ya 160 kwa 110 na kuendelea hutaka dawa yake, kwa mfano nifedipini ya kumeza miligramu 10, kisha kupimwa tena baada ya dakika 30. Tiba yenyewe ni kuzalishwa.

Miguu kuvimba jioni kwa aliyesimama jikoni siku nzima mara nyingi si kitu. Uso na vidole kuvimba unapoamka ni kitu. Na wapo wenye presha ya kutisha ambao hawavimbi popote, kwa hiyo kutovimba hakumtoi mtu kwenye kipimo. Mashine nayo hudanganya ikitumiwa vibaya: mama apumzike dakika tano akiwa amekaa, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono usawa wa moyo, na mkanda utoshe mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huipandisha presha isiyokuwepo. Kuanzia 140 kwa 90 ni presha ya juu, hata kama mama anajisikia mzima. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba aseme mapema kliniki. Anaweza kuanzishwa aspirini miligramu 75 kwa siku kabla ya wiki 20.

"Ameshajifungua salama, hatari imekwisha"

Hii ndiyo tunayoiogopa kuliko zote, maana huja na furaha. Wageni wanaingia, mtoto anapokezanwa, na mama hana wa kumuuliza. Kifafa cha mimba huweza kuja mara ya kwanza baada ya kujifungua, hasa katika saa 48 za mwanzo, na presha inaweza kusumbua hadi wiki sita. Mzazi akae kituoni angalau saa 24, kisha aonwe tena siku ya pili au ya tatu, wiki ya pili, na wiki ya sita. Kichwa kinachogonga ndani ya arobaini kipimwe presha siku hiyo hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikichoma ghafla kwa pumzi, shuku damu iliyoganda.

"Homa ya maziwa tu hiyo"

Maziwa yakijaa, joto linaweza kupanda kidogo kwa siku moja. Joto la nyuzi 38 au zaidi halina haki ya kuitwa maziwa kabla mtu hajatazama tumbo, kidonda, mkojo, matiti na harufu ya nifasi. Na aliyeshambuliwa vikali huenda asiwe na joto kabisa, bali akawa baridi, amepoa mikono. Maambukizi yaliyoingia katika damu hujulikana kwa mambo mengine: kuhema haraka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au kulala kupita kiasi, na mkojo kuadimika. Dawa za viuavijasumu za mshipani zianze ndani ya saa moja. Kwa maambukizi ya mfuko wa uzazi baada ya kujifungua mara nyingi ni klindamaisini na jentamaisini. Kama kuna kipande cha kondo ndani, dawa peke yake haitoshi, lazima kitolewe. Dripu hutolewa kwa kiasi na kupimwa upya, hasa kwa mwenye presha ya mimba, ambaye mapafu yake hujaa maji upesi.

"Mimba ndiyo inayomhemesha"

Mimba huongeza ukubwa wa pumzi, haiongezi sana idadi yake. Hesabu dakika nzima, usihesabu robo na kuzidisha. Zaidi ya 24 hutaka maelezo. Asiyeweza kulala bila kuinuliwa mito, mwishoni mwa mimba au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, huenda moyo wake umedhoofika. Hilo halitibiwi kwa tangawizi.

"Dawa na picha ya kifua zitamdhuru mtoto"

Mionzi ya picha moja ya kifua inayomfikia mtoto ni ndogo mno. Mama asiyepumua vizuri humdhuru zaidi. Oksijeni isizuiwe.

"Mlaze chali apumzike"

Baada ya wiki 20 tumbo huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Garini au botini, alale ubavu wa kushoto. Moyo ukisimama hospitalini, mmoja ausukume mfuko wa uzazi kushoto huku mwingine akikandamiza kifua. Moyo usiporudi, upasuaji wa kumtoa mtoto uanze dakika ya nne, kwa sababu unamwokoa mama pia.

"Tungoje mume arudi"

Kwa wa visiwa vya Tumbatu na Kojani, huko Zanzibar, safari huanza na chombo cha majini, kisha barabara, kisha mlango wa hospitali. Ruhusa, nauli, jina la nahodha anayekubali kuondoka usiku, na ndugu wawili watatu wa kuchangia damu vinapangwa mwezi wa saba wa mimba, mume akiwepo. Maji ya bahari nayo yanajulikana. Ikiwa tarehe ya kujifungua inaangukia karibu na bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, afadhali mama ahamie kwa jamaa upande wa pili mapema.

Kituo kinachomhamishia mama hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Unguja, au ya Abdalla Mzee kule Mkoani, Pemba, kipige simu kabla gari halijaondoka: saa aliyojifungua, damu iliyotoka, mapigo, presha, na kila dawa kwa dozi na saa yake. Magnesiamu isiyoandikwa saa hurudiwa na mwenzako wa upande wa pili, akidhani hakuna aliyeitoa.