Seli 70,000 kwa sekunde? Haya, tuhesabu

Juzi mwanafunzi wangu mmoja hapa Lubumbashi aliniletea hesabu aliyoipiga nyuma ya karatasi ya zoezi. Anakwenda Ubelgiji kwa mafunzo, na huko atatumia mashine ya kuchambua seli, yaani kuzitenga unazozitaka na nyingine. Kipeperushi cha mashine kinasema inasoma seli 70,000 kwa sekunde. "Dokta, mimi nina seli milioni 40. Dakika kumi zinatosha, siyo?"

Nilicheka. Mimi pia niliwahi kupiga hesabu hiyo, nikaomba mashine kwa saa moja, nikatoka maabara usiku.

Mashine ndogo tunayotumia hapa kwa seli za CD4 (seli za kinga zinazopimwa kwa wenye VVU) inahesabu tu, kisha inamwaga. Kuchambua ni kazi nyingine. Seli zilizopakwa rangi zinazong'aa hupita mbele ya leza ndani ya uzi mwembamba wa maji. Uzi huo hutetemeshwa hadi ukatike kuwa matone. Tone lililobeba seli unayoitaka hutiwa chaji ya umeme, na likipita kati ya mabamba mawili huvutwa kando, likaangukia kwenye mrija wako. Ufundi wa matone aliubuni Richard Sweet wa Stanford kwa ajili ya kuandika kwa wino unaorushwa. Mack Fulwyler akautumia kwa seli huko Los Alamos mwaka 1965.

Basi mwendo wa kazi unapangwa na matone. Tundu linalotoa uzi wa maji, likiwa la mikromita 70 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa shinikizo linalozidi mara mbili lile la tairi la gari dogo, hutoa matone kama 90,000 kwa sekunde. Utasema: matone 90,000, seli 70,000, nafasi ipo! Lakini seli hazipangi foleni. Fikiria taksi-basi zinazoondoka kila sekunde bila kungoja kujaa (najua, si za hapa kwetu). Moja itaondoka tupu, nyingine imebanana abiria watatu. Mashine ikiona seli yako imepanda tone moja na seli usiyoitaka, na wewe umeagiza usafi, yaani seli zako pekee, inaliacha tone lote lipotee.

Tuseme seli anazozitafuta ni moja kwa kila 1,000, yaani 40,000 kwa jumla. Akipitisha 70,000 kwa sekunde, uwezekano wa seli yake kuwa peke yake ndani ya tone ni asilimia 46 hivi. Atapata 18,000 na kidogo. Akipunguza hadi 20,000 kwa sekunde, inakuwa asilimia 80: seli 32,000, kwa dakika 33. Ndiyo maana mafundi hawapendi kuvuka robo ya idadi ya matone. Na takataka nazo zinahesabiwa: vipande vya seli zilizokufa hupanda basi kama abiria wengine.

Seli zikiwa kubwa, mambo yanabadilika kabisa. Tundu linapaswa kuwa pana angalau mara nne au tano ya seli. Kwa tundu la mikromita 100, matone hushuka hadi 30,000 hivi, nawe unapitisha seli 6,000 au 7,000 tu. Milioni 40 zitakula karibu saa mbili.

Sijataja kupasha leza moto, kupima kwa shanga ndogo muda wa tone (tangu leza iione seli hadi tone lake likatike), wala tundu kuziba. Tundu likiziba katikati ya kazi, uzi wa maji unakatika mahali pengine, chaji inaangukia tone lisilo lake, na unaanza kupima upya. Chujeni seli zenu jamani! Halafu msiiamini namba ya mwisho kwenye skrini; wekeni tone chini ya darubini mhesabu seli zilizo hai. Kila mara nimekuta pungufu.

Mwanafunzi amefuta dakika zake kumi. Sasa atatoa kwanza kwa sumaku seli asizozihitaji (hushikizwa chembe za sumaku), abaki na milioni chache, ndipo aende kwenye mashine. Ameiomba kwa asubuhi nzima.