Kabla hujanunua kifaa cha afya: maswali kuhusu teknolojia zinavyopimwa

Mama alipata kiharusi mwezi uliopita, mkono wa kulia umelegea. Kuna mtu anatuuzia mchezo wa video wa mazoezi. Tununue?

Mwulize kwanza: ulilinganishwa na nini? Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hupata nafuu kiasi katika wiki za mwanzo hata bila kifaa, na kama kifaa kipo mezani, sifa zote kitachukua chenyewe. Ndiyo maana watafiti hugawa wagonjwa makundi mawili kwa bahati nasibu.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la namna hiyo, lililofanyika Kanada, Argentina, Peru na Thailand. Wagonjwa 141 walikuwa wanaendelea na tiba yao ya kawaida. Kundi moja likaongezewa michezo ya Wii, yaani mashine ya michezo ya video inayochezwa kwa kusogeza mkono ulioshika rimoti; jingine likapewa karata, bingo, mpira au Jenga, ule mchezo wa kupanga vibao uliopata jina kwenye neno letu "kujenga". Kila kundi lilipangiwa vipindi 10 vya saa moja katika wiki mbili. Kisha ukapimwa muda ambao mkono unatumia kumaliza kazi ndogondogo: kuinua kopo, kuzungusha ufunguo, kukunja taulo.

Makundi yalitoka sare.

Kwa hiyo mchezo wa video haufai?

Sikusema hivyo. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Watafiti wenyewe waliona kwamba aina ya shughuli huenda si hoja kubwa, ilimradi mkono unafanyishwa kazi ya kutosha. Mimi ningetafuta karata, na pesa iliyobaki iwe nauli ya kumpeleka mama kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Ipo teknolojia iliyojaribiwa ikashinda?

Ipo, na ni meseji ya kawaida tu. Nchini Kenya, kati ya 2007 na 2008, watu 538 walioanza dawa za ARV, zile za kufubaza virusi vya UKIMWI, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa meseji kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 kwenye kundi la meseji na 48 kwenye kundi la huduma ya kawaida.

Angalia kwamba meseji haikuwa peke yake. Nyuma yake alikuwepo mtu wa kupiga simu.

Kifaa kikishapimwa Ulaya au Marekani, si kinatosha?

Inategemea kilipimwa kwa nani. Kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni hupitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inaweza kukipotosha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 uliangalia vipimo ambavyo kifaa kilionyesha oksijeni ya asilimia 92 hadi 96. Damu ilipopimwa yenyewe, oksijeni ilikuwa chini ya 88, yaani ndogo kiasi cha hatari, katika vipimo kama 12 kwa kila 100 vya wagonjwa Weusi. Kwa Wazungu ni kama 4. Kwa hiyo mtu akihema kwa shida, mpeleke hospitali hata kama kidole kinasema yuko salama.

Hospitali imeniomba nishiriki jaribio la programu ya simu. Naweza kukataa?

Unaweza, na unaweza kujitoa katikati bila kunyimwa matibabu yako. Kabla ya kusaini fomu, uliza taarifa zako zitahifadhiwa wapi, nani atazisoma, na bando la intaneti atalipa nani.