Je, wajua kwa nini Ufaransa mwandika barua za fitina anaitwa kunguru?

Jina limetoka kwenye filamu ya Henri-Georges Clouzot ya 1943, Le Corbeau, yaani Kunguru, ndivyo mwandishi wa zile barua anavyojisaini. Mimi miaka yote nilijua imetungwa kuwasema Wafaransa waliokuwa wanachongea majirani kwa Wajerumani, maana nchi ilikuwa imekaliwa, kampuni iliyoitengeneza, Continental, ni ya Wajerumani, sasa hapo utawaza nini kingine? Kumbe sivyo. Louis Chavance aliiandika hadithi kabla vita haijaanza, na chanzo ni mji wa Tulle, ambako kuanzia 1917 hadi 1922 barua zaidi ya 100 zisizo na jina zilianika siri za ndoa za watu mpaka majirani wakaogopana. Hata Wafaransa wenyewe baada ya vita waliiona tusi kwa taifa, Clouzot akafungiwa kutengeneza filamu, akarudi 1947.

Ila kinachonivutia zaidi ni jinsi walivyomnasa mwandishi wa kweli wa zile barua za Tulle, kwa imla! Barua ziliandikwa kwa herufi kubwa za kuchorachora, mtaalamu wa uchunguzi wa jinai, Edmond Locard, akaja kutoka Lyon, akamkalisha Angèle Laval, aliyewahi kuwa karani wa serikali pale Tulle, akamsomea naye aandike, ukurasa baada ya ukurasa. Ni kama mtu wa bara anayeigiza Kimvita, salamu ataiweza, hata dakika kumi ataziweza, lakini mwache apige stori saa nzima, achoke, asahau, lafudhi ya nyumbani itarudi yenyewe. Mkono nao una lafudhi, mwanzo Laval alichora kila herufi taratibu mno, kurasa zilivyozidi mwandiko wake ukajitokeza. Akahukumiwa kifungo cha nje cha mwezi mmoja na faini.

Lakini mwandiko sio alama ya kidole, hofu na uchovu navyo vinaubadilisha mkono wa mtu asiye na kosa, na filamu inalijua hilo. Washukiwa wanakalishwa darasani, wanaandika masaa, mmoja anazimia. Baadaye darasani humohumo daktari mzee Vorzet anaisukuma taa ya darini, kivuli kinahama ukuta hadi ukuta, anamuuliza mwenzake Germain giza liko wapi na nuru iko wapi. Germain anadaka balbu aisimamishe, anaungua vidole.