Je, wajua kwa nini korosho iliyochorwa kwenye kompyuta kwa nukta 6 huwa laini kuliko ya nukta 60?

Sogeza macho karibu na nembo ya korosho iliyobandikwa kwenye mfuko, au kwenye mlango wa gari la mizigo pale Mtwara mjini. Kuna zile ambazo mgongo wa korosho unateleza kutoka ncha hadi ncha, na kuna zile zenye vinundu vidogo vidogo, kana kwamba ukingo umetafunwa. Lawama huenda kwa printa, au kwa kisu cha mashine ya stika kwamba kimekwisha makali. Inawezekana. Lakini fungua faili lenyewe, kuza mchoro mara nane, na mara nyingi utakuta vinundu vimo humo tangu mwanzo: mchoraji alibofya nukta 60 pale ambapo 6 zilitosha.

Nyuma ya nukta hizo 60 kuna imani kwamba ulaini hutokana na wingi. Ni imani yenye mantiki, ndiyo maana haiondoki kirahisi. Kwenye picha ya simu, pikseli zikiwa nyingi picha huwa safi. Ukichora duara kwa mistari iliyonyooka, pembe 12 zinaonekana wazi, 60 zinaonekana kidogo, na zikifika 300 jicho halitambui tena. Anayeanza kushika kalamu ya programu za vekta, yaani zile zinazochora kwa nukta na mistari badala ya pikseli, kama Inkscape na Illustrator, huja na mazoea hayo. Anaweka picha ya korosho chini, kisha anabofya kila baada ya milimita tatu kuuzunguka ukingo, akiamini kwamba kadiri anavyobofya ndivyo anavyoifuata kwa uaminifu.

Programu nayo humtia moyo. Akiiamuru ifuatishe picha yenyewe, inamletea mamia ya nukta, naye anadhani mashine inajua zaidi. Haijui hata kwamba kile ni korosho. Inafuata ngazi za pikseli, kivuli cha meza na punje ya vumbi, vyote kwa bidii ileile.

Kosa liko hapa: kipande kilicho kati ya nukta mbili za kalamu si mstari ulionyooka unaosubiri kukatwakatwa ili upinde. Tayari ni mpindo kamili, na umbo lake halitoki kwenye nukta peke yake. Linatoka kwenye vishikio, ile mistari myembamba inayochomoza ukibofya na kuburuta badala ya kubofya na kuachia. Anayebofya tu hapati vishikio, kwa hiyo anapata mistari iliyonyooka, kwa hiyo analazimika kuongeza nukta. Wingi wa nukta ni dawa ya ugonjwa aliojiletea kwa kutoburuta.

Haki itendeke kwa upande wa pili, kwa sababu hesabu haisemi kwamba nukta nyingi ni kosa daima. Chukua duara lenye nusu kipenyo cha milimita 50. Ukilichora kwa nukta 2, kila kipande kikibeba nusu duara, ukingo hutoka nje ya duara la kweli kwa karibu asilimia 1.8 ya nusu kipenyo, yaani takriban milimita 0.9, na jicho zuri litaona. Kwa nukta 4 kosa hushuka hadi asilimia 0.027, yaani kama milimita 0.013, ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele. (Duara kamilifu halipatikani kamwe kwa mpindo wa aina hii. Kila duara linalochorwa hivi ni makadirio, na makadirio hayo ni mazuri kiasi hicho.) Nukta 8 zingepunguza kosa tena mara 60 na zaidi. Kwa hiyo wingi unasaidia pale tu ambapo kila nukta imekaa mahali pake hasa, na vishikio vyake vimepimwa kwa hesabu. Mkono ulioshika kipanya haufikii usahihi huo.

Mpindo wenyewe una historia fupi. Mwaka 1959 Paul de Casteljau, mwanahisabati wa kampuni ya magari ya Citroën huko Ufaransa, alipata njia ya kuueleza. Kampuni ikaiweka siri, na mpindo ukaitwa kwa jina la Pierre Bézier wa Renault, kampuni nyingine ya magari, aliyefikia jambo hilohilo kwa njia yake katika miaka ya 1960 na kulichapisha. Lugha ya uchapaji ya PostScript iliubeba mpindo huo mwaka 1984, Illustrator ikaufuata mwaka 1987, na leo Inkscape inautumia bure.

Kazi ya kishikio inaeleweka vizuri kwa mashua inayovuka ghuba kutoka Mtwara kwenda Msangamkuu. Nahodha anang'oa nanga akiwa ameelekeza omo upande fulani, na chombo kina kasi fulani. Upande ule wa pili nako ana masharti: lazima aingie akiwa ameelekea upande fulani, kwa kasi fulani. Hapewi amri nyingine katikati. Kishikio cha nukta ya kwanza ni mwelekeo na kasi ya kuondokea, na kishikio cha nukta ya pili ni mwelekeo na kasi ya kufikia. Kikiwa kirefu, chombo kinashikilia mwelekeo wake kwa muda mrefu kabla ya kukata kona. Kikiwa kifupi, kinageuka mapema. Mfano huu una mipaka, maana baharini kuna upepo na mkondo, na hapa hakuna. Ila jambo moja umelibeba sawasawa: mpindo huanza ukifuata kishikio, kisha hukiacha. Haufiki kwenye ncha yake.

Unaacha kwa kiasi gani? Hilo unaweza kulipima kwa penseli na karatasi ya hesabu yenye miraba. Weka nukta ya kuanzia kwenye 0,0 na ncha ya kishikio chake kwenye 0,8 (namba ya kwanza ni miraba ya kwenda kulia, ya pili ni ya kupanda). Weka nukta ya kuishia kwenye 8,0 na ncha ya kishikio chake kwenye 8,8. Unganisha zote nne kwa mfuatano, utapata mistari mitatu. Tafuta katikati ya kila mstari: 0,4 kisha 4,8 kisha 8,4. Unganisha hizo tatu, utafute tena katikati: 2,6 na 6,6. Unganisha hizo mbili, katikati yake ni 4,6. Nukta hiyo iko juu ya mpindo, na mstari wa mwisho ulioukata katikati unaonyesha mpindo unaelekea wapi pale. Hii ndiyo njia ya de Casteljau, na inapendeza kwamba haihitaji zaidi ya kugawa kwa mbili. Vishikio vimepanda hadi 8, lakini mpindo umeishia 6, robo tatu ya kimo. Ndiyo sababu wanaoanza huona tao lao limebonyea. Katika umbo kama hili, ukitaka tao la milimita 30, vishikio vivute hadi 40.

Sasa turudi kwenye vinundu. Chukua upapi mwembamba wa mbao, aina ambayo fundi wa mashua angeukunja kupata ubavu wa chombo, uupitishe kwenye misumari mitatu. Upapi utajichagulia njia laini. Ongeza misumari ishirini, mmoja wake ukiwa umekosea kidogo tu, na upapi utatoa nundu hapohapo, kwa sababu hauna nafasi ya kulisambaza kosa. Kwa vipimo: nukta ikikosea kwa milimita 0.3, na majirani zake wako umbali wa milimita 3, ukingo hupinda vibaya kwa karibu nyuzi 6 kila upande. Kosa lilelile, majirani wakiwa milimita 30, ni zaidi kidogo ya nusu nyuzi, na hakuna atakayeliona. Mashine ya kukata stika hukifuata kila kivunjiko kwa uaminifu, kisha ukingo hutoka na meno.

Korosho basi. Ilaze mgongo ukiwa juu na tumbo chini, ukubwa wa milimita 60 kwa 40. Nukta huwekwa pale ukingo unapofika mwisho wa juu, chini, kushoto au kulia, kwa sababu hapo vishikio hulala sawa au husimama wima, na hukosei pembe. Kwenye Inkscape bonyeza B kupata kalamu, na ushike Ctrl unapoburuta ili kishikio kitembee kwa hatua za nyuzi 15. Kwenye Illustrator ni P na Shift, kwa hatua za nyuzi 45. Anzia kileleni mwa mgongo, buruta kwenda kushoto kama milimita 16. Nenda ukingo wa kushoto kabisa, buruta chini kama 11. Chini ya ncha ya kushoto, buruta kulia 7. Kwenye tumbo, pale linapoingia ndani zaidi, buruta kulia 8. Chini ya ncha ya kulia, kulia tena 7. Ukingo wa kulia, juu 11. Rudi kwenye nukta ya kwanza, bofya na uburute kushoto, njia itafungwa. Ni nukta 6, na unaburuta daima kuelekea unakokwenda.

Kati ya ncha na tumbo ukingo hubadili upande wa kupinda, kama herufi S. Hapo usiongeze nukta, kipande kimoja kinaweza kugeuka hivyo mara moja bila tabu. Shingo ndefu ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyefukuliwa Lindi, ambayo mchoraji wa fulana za Lindi angependa kuifuata kwa nukta kumi, ukingo wake wa mbele unaweza kutosha kwa mbili. Korosho halisi ina upande mmoja mnene kuliko mwingine, kwa hiyo vipimo vya hapa ni vya kuanzia. Vilevile kanuni ya mafundi, kwamba kishikio kiwe karibu theluthi moja ya urefu wa kipande, ni kipimo cha jicho. Kwenye robo duara hasa, kishikio ni 0.552 ya nusu kipenyo.

Mahali korosho inapokutana na bibo kuna kona, na kona haitaki vishikio vilivyonyooka pamoja. Shika Shift kwenye Inkscape, au Alt kwenye Illustrator, unapoburuta, ili kishikio kimoja kigeuke peke yake. Usipofanya hivyo ukingo utavimba kabla ya kona, na utajikuta unaongeza nukta kuuzuia. Ukiona mpindo umejifunga fundo, vishikio vya kipande hicho ni virefu mno na vimepishana, vifupishe.

Mchoro ambao tayari una nukta 60 hauhitaji kuanzwa upya. Inkscape ina amri ya kurahisisha njia, Ctrl+L, lakini hulainisha hata kona ulizozitaka, kwa hiyo ni salama zaidi kufanya kwa mkono. Bonyeza N, chagua nukta moja isiyo kwenye kilele wala kwenye kona, bonyeza Delete. Programu hurekebisha vishikio vya majirani ili umbo libaki karibu na lilivyokuwa. Kwenye Illustrator usitumie kitufe hicho, maana hukata njia, tumia kalamu yenye alama ya kutoa. Endelea nukta kwa nukta hadi umbo litakapohama mbele ya macho yako, kisha bonyeza Ctrl+Z mara moja.