Je, wajua kwa nini kuna watu hulipia mboga kabla hata mbegu haijatiwa ardhini?

Machi inapokaribia kuisha, kusini mwa jimbo la New Hampshire, Marekani, shamba ni tope tupu. Theluji imebaki kwenye vivuli vya miti, udongo wa chini haujayeyuka vizuri, na cha kuchuma hakuna. Lakini huu ndio wakati ambao kuna familia zimeshaahidi, na nyingine zimeshalipa, pesa za mboga ambazo zitazila kuanzia Juni.

Mtu wa Kagera akisikia hivyo atauliza: si butura hiyo? Butura, kwa asiyeijua, ni kuuza kahawa ikiwa bado ua au tunda bichi mtini. Mkulima anadaiwa ada ya shule, ana mgonjwa ndani, hana hela; mnunuzi anampa kidogo leo, halafu mavuno yakifika anajibebea magunia yenye thamani kubwa kuliko alichotoa. Serikali imeipiga vita miaka nenda rudi. Na kwa kutazama juu juu, mambo ni yale yale: pesa inatangulia, mazao yanafuata. Lakini katika butura anayetoa pesa mapema ananunua shida ya mkulima. Kule New Hampshire anayetoa pesa mapema anaibeba.

Shamba lenyewe linaitwa Temple-Wilton Community Farm, na lilianza mwaka 1986. Kila mwaka wakulima huwasomea wanachama bajeti: mbegu, dizeli, chakula cha ng'ombe, matengenezo ya mashine, pamoja na pesa ya kuishi ya wakulima wenyewe. Hakuna anayetaja bei ya kabichi. Kila kaya inataja kiasi inachokiweza. Mwenye nacho anaongeza, ambaye mwaka umemwendea vibaya anapunguza. Ikijumlishwa ikapelea, wanazunguka tena. Aliyewahi kukaa kikao cha harusi anaijua hali hii: mwenyekiti anasoma pungufu, watu wanatazamana, mara mmoja anakohoa na kupandisha ahadi yake. Kinachonishangaza mimi ni hatua inayofuata. Ukishaahidi, mboga hazipimwi kulingana na ulichotoa. Unachukua unachohitaji nyumbani kwako.

Si mashamba yote ya aina hii yanakwenda mbali hivyo. Mengi huuza hisa za bei moja, na mwenye hisa hupata kapu lake kila wiki, mara nyingi kuanzia Juni hadi Oktoba. Indian Line Farm la Massachusetts, alilokuwa nalo Robyn Van En, lilianza mtindo wa hisa miaka hiyo hiyo ya 1980. Wazo halikuzaliwa Marekani. Wajapani walikuwa na utaratibu wao wa teikei, yaani makubaliano ya moja kwa moja kati ya wakulima na walaji, tangu miaka ya 1970, Waswisi na Wajerumani nao wakawa na wao, na Trauger Groh, mmoja wa waanzilishi wa Temple-Wilton, alitokea kilimo cha Ujerumani.

Sasa, kwa nini pesa itolewe majira ya machipuko na si siku ya kuchukua mboga? Kwa sababu gharama hazisubiri. Vitunguu husiwa kwenye trei ndani ya kitalu nyumba tangu Februari au Machi, nje kukiwa na theluji, na kitalu hicho lazima kipashwe joto usiku kucha. Nyanya hufuata wiki chache baadaye, lakini hazithubutu kutolewa nje mpaka Mei imekaribia kwisha, maana usiku mmoja wa jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu, unatosha kugeuza miche yote kuwa uji mweusi. Mkulima wa kawaida hapo anakwenda benki na kuanza msimu akiwa na deni. Huyu mwenye wanachama anaanza na pesa mkononi, isiyo na riba.

Halafu kuna mawe. Udongo wa kule ni wa mawe, na kila machipuko yanaonekana mapya, hadi wakulima husema shamba linaotesha mawe. Kumbe ni kazi ya barafu. Jiwe hupitisha baridi haraka kuliko udongo, kwa hiyo maji ya chini yake huganda mapema, hutanuka na kulisukuma juu. Barafu ikiyeyuka, udongo unadondokea kwenye uwazi uliobaki, na jiwe halirudi tena lilikotoka. Kuyaokota ni kazi ya mikono mingi: watu wanapanga mstari, trela inatambaa nyuma yao, watoto wanagombania madogo, wazee wanaonyesha kwa fimbo yaliyorukwa. Siku za namna hiyo, au za kupanda viazi (wenyeji husema vipandwe maua ya njano ya dandelioni yakichanua), ndizo zinazomkutanisha mwalimu wa shule na fundi bomba ambao vinginevyo wangepungiana mikono tu barabarani.

Hasara nayo si ya kufikirika. Mwaka 2009 bakajani chelewa, ule ugonjwa uliowahi kuangamiza viazi vya Ireland, ulisambaa kaskazini mashariki mwa Marekani, kwa sehemu kupitia miche ya nyanya iliyouzwa madukani. Nyanya ziliungua shambani ndani ya siku chache. Wanachama wengi wa mashamba ya aina hii hawakuonja nyanya mwaka ule, na pesa zao walikuwa wameshazitoa. Hayo ndiyo waliyokubaliana.

Wapo wasioyaweza. Mwanachama mgeni anafika kuchukua kapu lake la kwanza mwezi Juni akiwa na picha ya nyanya na mahindi kichwani. Anakuta spinachi, saladi, figili, na majani mengine ambayo jina lake hajui. Wiki ya pili, majani. Wiki ya tatu, majani na njegere kiganja kimoja. Mwaka unaofuata wengine hawarudi. Wanaorudi utawatambua kwa swali lao: hawaulizi nyanya zitaiva lini, wanauliza kama jalidi ya juzi iliharibu kitu.