Mto wa mpaka: mfano wa Mto Massacre

Mto wa mpaka ni mto ambao mkondo wake, wote au sehemu yake tu, umekubaliwa na nchi mbili kuwa ndio unaotenganisha ardhi zao. Ardhi hugawika kwa makubaliano hayo, lakini maji hayagawiki hivyo, kwa kuwa yanayochotwa ng'ambo moja hupungua na ng'ambo ya pili. Mto Massacre, uitwao pia Dajabón, wenye urefu wa takriban kilomita 55 katika kisiwa cha Hispaniola, huanzia milimani katika Jamhuri ya Dominika, hufuata sehemu ya kaskazini ya mpaka wa nchi hiyo na Haiti, kisha huingia katika Bahari ya Atlantiki.

Kandokando yake kuna miji miwili inayotazamana, Ouanaminthe wa Haiti na Dajabón wa Dominika. Jumatatu na Ijumaa huwa na gulio mjini Dajabón, na Wahaiti huvuka daraja kwa wingi kwenda kuuza na kununua, hivyo kwa familia nyingi za pande zote mbili mpaka huo ndio riziki. Ukingo huohuo ulishuhudia unyama mnamo Oktoba 1937, pale dikteta Rafael Trujillo alipoamuru Wahaiti waliokuwa wakiishi upande wa Dominika wauawe. Maelfu waliuawa, wakiwemo waliokuwa wakikimbilia mtoni ili wavuke.

Kuhusu maji, nchi hizo zilitia saini mkataba mwaka 1929. Kifungu chake cha 10 kinakataza kazi yoyote itakayobadili mkondo wa asili wa mito ya pamoja, lakini hakimnyimi yeyote haki ya kuyatumia maji kwa uadilifu katika kilimo na viwanda ndani ya ardhi yake. Wahaiti walipoendelea kuchimba mfereji wa kumwagilia uwanda wa Maribaroux, Rais Luis Abinader wa Dominika alifunga mpaka Septemba 2023, na gulio likasimama kwa muda. Hatua hiyo, kwa maoni yangu, iliwaumiza wachuuzi wasiohusika na mfereji, ilhali Wadominika nao huchota maji ya mto huo kwa mashamba yao. Kifungu kile hakitaji kiasi ambacho kila upande unaruhusiwa kuchota, na kiasi hicho, hasa cha msimu wa kiangazi, ndicho kilichopaswa kujadiliwa.