Bahari ikiwa kijani haimaanishi kaboni imezikwa

Utaiona sana ile picha ya setilaiti, bahari ya pembeni mwa Antaktika mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza, maji yamekuwa kijani kama mlenda, na maelezo yake eti hapo bahari inameza hewa ukaa na kuizika chini. Sasa hapo kuna mambo mawili yamechanganywa, na hata mimi nilikuwa nayachukulia kama kitu kimoja. Kuna uzalishaji wa bahari, na kuna kaboni kushuka kina kirefu. La kwanza ni mshahara. La pili ni kile kinachobaki kwenye kibubu baada ya kodi, nauli, ada na shemeji kuomba ya bando. Wote tunamjua mtu mwenye mshahara mnono na kibubu kitupu.

Tuanze na mshahara. Juu baharini, kwenye zile mita 50 hadi 100 za kwanza ambako mwanga bado unafika, kuna vimea vinaelea, na simaanishi mwani ule wanaolima kina mama kwa kamba kule Paje na Jambiani, hivi huvioni bila hadubini, vinaitwa fitoplanktoni. Kwenye bahari za ncha za dunia wakubwa wao ni diatomu, kimea cha chembe moja kinachoishi ndani ya kijumba cha kioo, kioo kweli, silika, vipande viwili vimeshikana kama kopo na mfuniko wake. Kinachukua hewa ukaa iliyoyeyuka majini, jua, na virutubisho kama naitreti na fosfeti, ndo mbolea yake, kinajenga mwili. Ile kaboni iliyogeuzwa mwili ndo uzalishaji. Dunia nzima ni tani bilioni 50 hivi za kaboni kwa mwaka, karibu sawa na misitu na mashamba na majani yote ya nchi kavu yakijumlishwa, na ukumbuke vimea vyenyewe ukivipima kwa siku moja ni vichache tu, ila vinazaliwa na kuliwa ndani ya siku chache.

Kule nchani kazi yote inafanyika kwa pupa. Miezi kadhaa ni giza, jua halichomozi kabisa, bahari imefunikwa barafu, hakuna kinachoota. Halafu jua linarudi na likirudi halizami usiku wala mchana, barafu inayeyuka, na ndani ya wiki chache bahari inalipuka kijani. Kuna sehemu zinaitwa polinya, ni maji wazi katikati ya barafu, mfano kwenye bahari za Ross na Amundsen, upepo mkali wa baridi unateremka kutoka kwenye barafu ya bara na kuisukuma ile ya baharini itoke pwani, basi pale jua linapiga moja kwa moja na uzalishaji kwa kila mita ya mraba unakuwa wa juu kuliko popote Antaktika.

Lakini sehemu kubwa ya Bahari ya Kusini, yaani ile inayoizunguka Antaktika, haiko hivyo, na hili liliwasumbua wanasayansi miaka mingi. Naitreti imejaa tele, fosfeti imejaa, jua la kiangazi lipo, na bado maji ni ya bluu tupu. Ni kama una mchele, nyama, viungo, mkaa umewaka, ila pilau halipikiki. Kilichokosekana ni chuma. Si chuma kingi, diatomu inahitaji atomu moja hivi ya chuma kwa atomu laki moja za kaboni, ni ile chumvi ya kwenye pilau, kidogo tu lakini bila hiyo hakuna kitu. Kwenye bahari nyingine chuma kinaletwa na vumbi la jangwani, sasa kule kusini hakuna jangwa la karibu, Antaktika imefunikwa barafu. Mmarekani John Martin ndo aliyelishikilia hili, na mwaka 1988 kwenye mhadhara pale Woods Hole akasema kwa utani kwamba wampe nusu meli ya chuma yeye atawapa zama za barafu, yaani vimea vitaota na kunyonya hewa ukaa hadi dunia ipoe. Alifariki 1993, miezi michache kabla ya jaribio la kwanza la kumwaga chuma baharini, karibu na visiwa vya Galapagos, na bahari ikaota kweli. Mwaka 1999 wakajaribu Bahari ya Kusini yenyewe, ikaota pia.

Basi watu wakashangilia, na hapo ndo penye kosa ninalolisema. Kuota ni mshahara. Kibubu je?

Ili kaboni ihesabike imewekwa, lazima ishuke chini ya lile tabaka ambalo dhoruba za majira ya baridi zinalikoroga, maana ikibaki humo itarudi juu na kutoka hewani mwaka huohuo. Ikifika mita 1000 kwenda chini hapo unaongelea miaka mia na zaidi kabla maji yale hayajarudi juu. Shida ni safari yenyewe. Kimea kikifa peke yake kinazama polepole mno, bakteria wanakimaliza njiani, wanapumua, kaboni inarudi kuwa gesi iliyoyeyuka palepale juu. Kwa makadirio ya dunia nzima, katika zile tani bilioni 50, zinazotoka kwenye tabaka la mwanga kwenda chini ni bilioni 5 hadi 12 tu, kutegemea nani kapiga hesabu, na inayofika sakafuni kabisa ni kama asilimia moja.

Kwa hiyo kinachoamua ni usafiri. Na usafiri mmojawapo mzuri ni kinyesi, samahani kama unakula. Kuna krili wa Antaktika, mfikirie kama uduvi ila mkubwa, anafika sentimita 6, wanatembea kwa makundi ya mamilioni. Miguu yao ya mbele wanaikunja kama kapu, wanachota maji, wanakamua, diatomu zinabaki. Kinachotoka nyuma ni uzi uliobanana vizuri, mzito, unazama mamia ya mita kwa siku. Bakteria hawapati muda wa kuumaliza. Sasa linganisha na kopepodi, vijidudu vya baharini vya jamii hiyohiyo ya kamba na kaa ila vidogo zaidi, vinyesi vyao ni vidogo na vingi vinaliwa tena na wenzao hukohuko juu. Vimea vilevile, mlaji tofauti, kibubu tofauti kabisa. Ila kopepodi nao tusiwaonee, wale wa jamii ya Kalanasi kule kaskazini wanajaza mafuta mwilini kiangazi, halafu wanashuka wenyewe mamia ya mita, wengine zaidi ya 1000, kulala msimu wote wa baridi, wanaunguza yale mafuta hukohuko chini, yaani wanaibeba kaboni mwilini.

Mfano ninaoupenda ni majaribio mawili ya kumwaga chuma yaliyofanywa kwa meli moja, Polarstern ya Ujerumani, kwenye bahari ileile ya kusini. La kwanza EIFEX, mwaka 2004. Walitafuta mzunguko wa maji unaojizungusha kama beseni kubwa ili chuma kisitawanyike, wakamwaga, wakakaa hapo zaidi ya mwezi wanachungulia. Diatomu zikachanua, wiki ya nne zikafika kilele, halafu zikafa kwa wingi, na zikifa zinatoa utelezi, zikanasana zikawa mabonge, mabonge yakashuka. Hesabu iliyotolewa 2012 ilisema angalau nusu ya ule mchanuo ilizama chini ya mita 1000. Nusu! Hicho ni kibubu kizito.

La pili LOHAFEX, mwaka 2009, Wahindi na Wajerumani pamoja (loha ni chuma kwa Kihindi). Wakafanya vilevile, chuma kikamwagwa, maji yakaota. Ila safari hii maji ya pale yalikuwa yameishiwa silika, na bila silika diatomu haina cha kujengea nyumba. Vikaota vimea vingine laini visivyo na kioo, kopepodi wakashukuru Mungu wakala wote, na wao wakaliwa na wadudu wengine wa baharini wakubwa kidogo, na kaboni iliyoshuka ikawa ndogo sana. Chuma kilekile, meli ileile, ungewaonyesha watu picha mbili za setilaiti wangesema zote zimefaulu.

Upande wa Aktiki, bahari ya ncha ya kaskazini, hadithi ni nyingine. Kule chuma si tatizo kubwa, mito mikubwa ya Siberia kama Lena na Yenisei inamwaga maji, nchi kavu iko karibu pande zote. Kinachobana ni naitreti, sababu maji matamu ya mito na ya barafu iliyoyeyuka ni mepesi, yanakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, virutubisho vya chini havipandi. Barafu inapopungua mwanga unaongezeka, na kati ya 1998 na 2018 uzalishaji wa Aktiki ulipanda kwa asilimia 57 kwa vipimo vya setilaiti. Mshahara umepanda, ndiyo. Kibubu ni swali la peke yake.

Ila kuna siku kibubu kilionekana kwa macho. Kiangazi cha 2012, mwaka ambao barafu ya Aktiki ilishuka kuliko mwaka wowote uliopimwa kwa setilaiti, Polarstern ilishusha kamera katikati ya Aktiki kwenye kina cha kilomita 4 hivi, na sakafuni wakakuta mafungu ya Melosira, diatomu inayoota ikining'inia chini ya barafu kama nyuzi ndefu za nywele. Barafu ilikuwa imeyeyuka, nyuzi zikaachia, zikashuka moja kwa moja hadi chini zikiwa bado na rangi. Na pembeni yake majongoo bahari wamejazana wanakula, wanono. Kwa setilaiti usingeona chochote, maana mavuno yalikuwa chini ya barafu.

Kupima haya mambo nako si kazi ndogo. Wanatundika faneli kubwa kwenye kamba baharini, chini yake vikopo vinavyobadilishana zamu vyenyewe, wanarudi baada ya mwaka kuona kila kikopo kimedondokewa na nini. Au wanatumia thoriamu-234, madini yenye mionzi yanayopungua yenyewe, inayotengenezwa na urani iliyoyeyuka baharini, inapenda kung'ang'ania kila chembe inayozama, nusu yake inaisha kwa siku 24, kwa hiyo ukikuta pungufu juu unajua wiki za karibuni kuna mzigo ulishuka nayo.

Na wale wanaosema tumwage chuma kule kusini tumalize mabadiliko ya tabianchi, kuna jambo moja huwa wanaliruka. Ile naitreti inayobaki bila kuliwa kule haikai bure. Maji yale yanazama, yanatambaa chini kwa chini kuelekea kaskazini miongo na miongo, na kuna hesabu ya 2004 iliyosema robo tatu ya uzalishaji wa bahari zote kaskazini ya nyuzi 30 kusini inalishwa na virutubisho vya njia hiyo, na bahari ya kwetu huku iko upande huo. Ukizilisha diatomu za kusini zikamaliza kila kitu na kuzama nacho, umeongeza kibubu cha huko kwa kukata mshahara wa huku, na bili yake itakuja miaka mingi baadaye wakati hata hakuna anayekumbuka nani alimwaga chuma.